Blanketi la mtoto la flaneli, matabaka matatu

Flaneli ni kitambaa kilichokwanguliwa usoni mpaka nyuzi zake zikasimama kama malaika ya mkononi. Vinywele hivyo hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi. Ukipandanisha matabaka kadhaa mepesi unapata hewa nyingine kati ya tabaka na tabaka, ndiyo maana blanketi la namna hii lina joto bila kuwa zito. (Tunasema flaneli, si fulana ya kuvaa. Ukimwambia muuza duka "flana" tu, anaweza kukuelekeza kwenye fulana za kuvaa.)

Maelezo haya ni ya blanketi la mraba la sm 90 kwa sm 90, lenye matabaka matatu: uso, kati na mgongo. Mgongo unakatwa mpana kuliko mengine, kisha unakunjwa kuja mbele na kuwa pindo, kwa hiyo huhitaji utepe wa kununua. Likiisha lina uzito wa takriban gramu 400. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, acha tabaka la kati. Mawili yanatosha na mtoto hatatoka jasho. Kwa Njombe, Mbeya, Lushoto au Limuru, weka matatu. La nne hatulishauri popote: cherehani ya nyumbani inahangaika kwenye kona, na msimu wa mvua blanketi litakaa kwenye kamba siku mbili likianza kunuka uvundo.

Kitambaa na vifaa

Kwa kitambaa chenye upana wa sm 115, nunua mita 1.05 ya uso, mita 1.05 ya kati na mita 1.15 ya mgongo. Upana ukiwa sm 150 urefu ni uleule. Kitakachobaki pembeni kinatosha bibu mbili au tatu. Usijaribu kubana ukanunua mita moja kamili. Flaneli hurudi sana ikifuliwa, hasa kwa urefu, na mita moja inaweza kukurudishia sm 92 tu, zenye kingo zilizopinda.

Hakikisha ni pamba. Madukani kuna vitambaa vya poliesta vyenye manyoya laini vinavyouzwa kwa jina hilohilo la flaneli, na kwa macho vinapendeza kuliko pamba. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibano, uchome juu ya sinki. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Poliesta haivuti unyevu, na mtoto aliyefungwa ndani yake huloa jasho halafu akapata baridi kwa jasho lake mwenyewe.

Shuka za flaneli za mtumba ni mali nzuri sana kwa tabaka la kati, na hata kwa mgongo. Zimeshafuliwa mara nyingi, hazirudi tena, na rangi iliyokuwa ichuje imeshachuja. Ila inua shuka uitazame kwenye mwanga kabla ya kulipa: sehemu ya katikati, mtu alipokuwa analala, mara nyingi imekwisha na inaonyesha nuru. Kata vipande vyako pembeni.

Vifaa vingine: rili moja ya uzi wa poliesta (mshono wote pamoja na pindo utakula kati ya mita 40 na 50), sindano mpya ya cherehani namba 14, nyingine namba 16 ya akiba, mkasi mkali, chaki ya fundi, tepu ya kupimia, pasi, pini za nepi kama 40, na vibanio vya nguo vya kuanikia, kama 20. Vibanio vitafanya kazi ya pini kwenye pindo, ambako unene unapinda pini za kawaida. Cherehani ya mkono au ya miguu inafaa kabisa. Kwa kazi hii mara nyingine ni bora kuliko ya umeme, kwa sababu inakwenda polepole na ina nguvu ya kupenya.

Fua kwanza

Hapa ndipo mablanketi mengi huharibika, kabla sindano haijagusa kitambaa. Vipande vitatu vilivyonunuliwa sehemu tatu havirudi kwa kiasi kimoja. Ukivishona bila kufua, blanketi litakuwa limenyooka siku ya kwanza. Likifuliwa, tabaka moja litavuta mengine na blanketi lote litajikunjakunja kama karatasi iliyoloa, na mshono ukishashikilia hakuna pasi itakayolinyoosha.

Kata kipembe kidogo kwenye kila kona ya kipande, mshazari, kama sm 2. Hivyo nyuzi hazitapukutika sana. Fua kwa maji ya moto kiasi mkono unavyovumilia, na sabuni unayotumia kwa nguo za mtoto. Suuza, anika, kisha rudia mara ya pili. Usitie dawa ya kulainisha nguo: inaganda kwenye vinywele na kupunguza uwezo wa kitambaa kunyonya. Nyekundu, bluu iliyokolea na nyeusi ziloweke peke yake pamoja na kipande cheupe. Kipande cheupe kikitoka na rangi baada ya nusu saa, fua tena. Kikiendelea kutoka na rangi mara ya tatu, kitambaa hicho kitafutie kazi nyingine.

Piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Bonyeza pasi, inua, bonyeza tena. Ukiisukuma mbele na nyuma, flaneli inavutika, hasa ikisukumwa mshazari, na mraba wako unakuwa msambamba kabla hujaukata.

Kukata

Maua au wanyama waliochapwa kwenye flaneli ya bei nafuu mara nyingi hawafuati nyuzi. Ukikata kwa kufuata picha, blanketi litapinda baadaye. Ukifuata nyuzi, picha zitakaa upande kidogo. Fuata nyuzi. Chanja ukingo kidogo, shika uzi mmoja wa mshindio (unaokwenda kwa upana wa kitambaa), uvute taratibu. Utaacha mstari mwembamba unaoonekana kwenye kitambaa: kata juu yake. Huo ndio upande wako wa kwanza ulionyooka. Pande nyingine pima kutoka huo. Ukingo wa kiwandani, ule mgumu wenye vitundu vidogo, ukate utupe, maana haurudi sawa na kitambaa kingine.

Kata:
– uso: sm 90 × 90
– kati: sm 90 × 90
– mgongo: sm 104 × 104 (baadaye utapunguzwa)

Mraba haupimwi kwa pande peke yake. Pima kutoka kona hadi kona, mara mbili. Kwa mraba wa sm 90, kila mshazari uwe sm 127 na ushee, na yote miwili ilingane. Tofauti ya nusu sentimita iache ilivyo. Ikifika sentimita moja na nusu, rekebisha. Mwenye sakafu ya vigae ana rula kubwa bure: linganisha ukingo wa kitambaa na mstari wa vigae, kona itajionyesha yenyewe.

Kupandanisha

Fagia na upige deki. Tandaza mgongo sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, unyooshe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kisha ubandike kingo zake kwa tepu ya karatasi. Uwe umenyooka, usiwe umevutwa. Kitambaa kilichovutwa kama ngozi ya ngoma kitarudi mahali pake ukiondoa tepu, na matabaka ya juu yatafanya matuta.

Weka kati juu yake, ukiacha sm 7 kila upande. Kisha uso, upande mzuri ukitazama juu. Flaneli haitelezi juu ya flaneli, inashikana, na hili ni jema na baya. Jema, kwa kuwa haikimbii. Baya, kwa kuwa ukilaza tabaka vibaya halijisogezi lenyewe: ni lazima uliinue lote ulilaze upya. Wengi huvutavuta kona, wakapata mkunjo katikati wasiouona mpaka wageuze blanketi.

Funga pini za nepi kila sm 12 hivi, ukianzia katikati. Ukikosa pini, piga bandi kwa mkono: uzi wa rangi tofauti, hatua za sm 5, kwanza msalaba katikati, halafu mistari ya pembeni. Bandi inachukua nusu saa zaidi lakini haizuii mguu wa cherehani. Kama umetumia pini, zihesabu na uandike idadi kwenye karatasi. Pini moja iliyobaki ndani ya blanketi la mtoto haivumiliki, na kwenye flaneli nene haionekani kwa jicho.

Mistari ya kushikilia

Weka sindano namba 14, urefu wa mshono mm 3 hadi 3.5. Mshono mfupi kuliko huo hukakamaza kitambaa, na ukikosea kitachanika ukiufumua. Kwanza jaribu kwenye vipande vilivyobaki, vitatu vikiwa vimepandana. Vitanzi vikijitokeza upande wa chini, tatizo liko juu: uzi wa juu umelegea au haujakaa kwenye springi. Vikijitokeza juu, uzi wa juu umekaza mno au bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) imelegea. Mshono ukiruka, badilisha sindano kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa lile tatizo kubwa la kazi hii: tabaka la juu hutembea. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, huku mguu ukikandamiza cha juu na kukichelewesha. Kwa kitambaa chembamba huoni tofauti. Kwa matabaka matatu ya flaneli, ukifika mwisho wa mstari wa sm 90 unakuta uso umezidi kwa sentimita nzima na umejaa mbele ya mguu kama wimbi. Dawa ni tatu, na zote zinatumika pamoja. Legeza skrubu ya kukandamiza iliyo juu ya kichwa cha cherehani, mizunguko miwili au mitatu, mpaka mguu ushike bila kubinya. Shona polepole, viganja vyote viwili vikiwa bapa juu ya kitambaa, kimoja kila upande wa sindano, ukikisindikiza bila kukivuta. Na shona mistari yote ya upande mmoja ukianzia ukingo uleule. Ukienda huku na kurudi huku, kila mstari utavuta upande wake, na kati yake kutatokea mikunjo ya mshazari isiyotoka. Kuna mguu maalumu unaotembea pamoja na kitambaa. Mwenye nao autumie, lakini si lazima kuununua kwa blanketi moja.

Chora mistari kwa chaki kila sm 15: mitano kushuka, mitano kuvuka. Anza na wa katikati kabisa, kisha wa katikati unaouvuka, halafu nenda nje kidogokidogo. Sehemu inayopita chini ya mkono wa cherehani ikunje kama mkeka na ubanie kwa vibanio, isiburute. Uzito wa blanketi ukining'inia mezani unavuta sindano na kuipinda. Sogeza kiti kando kibebe.

Kila mstari uanzie na uishie kwenye ukingo wa uso. Usiingie kwenye zile sentimita za mgongo zilizobaki nje: hizo zitakunjwa, na mshono ndani yake utaonekana kama kosa. Ncha za uzi ziache zilivyo, pindo litazifunika. Toa pini kadiri unavyozifikia, usizipitie.

Pindo na kona

Mistari ikiisha, blanketi litakuwa limejikaza kidogo, pengine limebaki sm 89. Ni kawaida, na ndiyo sababu mgongo ulikatwa mkubwa. Sawazisha kingo za uso na kati kwa mkasi zilingane, kisha pima sm 5 kutoka ukingo wa uso kwenda nje, pande zote nne, uchore na ukate mgongo hapo. Kipimo hiki kiwe sahihi kabisa. Kikiwa sm 5 upande mmoja na 4.5 upande mwingine, pindo litakuwa na unene tofauti na kona hazitakutana.

Kona huonekana ngumu kwa sababu watu huiacha mwisho. Ianze kwanza, kabla ya kukunja upande wowote.

Laza blanketi uso ukiwa juu. Shika ncha ya mgongo kwenye kona, ikunje kuelekea katikati ya blanketi, mpaka mkunjo uguse ncha ya kona ya uso. Uguse tu: usibaki nje, usiingie ndani. Bonyeza kwa pasi. Ile ncha sasa imelala juu ya uso kama pembetatu. Ikate sambamba na mkunjo, ukiacha sm 1. Ncha ya tabaka la kati ipunguze mm 3, kwa sababu hapa unene unakusanyika na sindano itagoma.

Sasa upande. Kunja ukingo wa mgongo uje ukutane na ukingo wa uso: hizo ni sm 2.5. Piga pasi. Kunja mara ya pili, sasa juu ya uso: una pindo la sm 2.5, na ukingo mbichi umefichika ndani. Bana kwa vibanio vya nguo kila sm 8. Fanya hivyo upande unaofuata. Pale kona, mikunjo miwili itakutana kwenye mstari mmoja wa mshazari, kama fremu ya picha. Ikipandana, mkunjo wako wa kwanza ulibaki nje ya ncha ya uso. Ikiacha mwanya, uliingia ndani mno. Fungua, sogeza mm 2, bonyeza tena. Usijaribu kuificha kwa uzi.

Badilisha sindano iwe namba 16, maana sasa unapita matabaka matano, na kwenye kona zaidi. Bobini iwe na uzi wa rangi ya mgongo, kwa kuwa mshono huu utaonekana nyuma kwa urefu wote. Anza katikati ya upande, kamwe si kwenye kona, mm 2 kutoka mkunjo wa ndani. Ukifika kona, simamisha sindano ikiwa imezama, inua mguu, zungusha blanketi, shusha mguu, endelea. Kama cherehani inakwama kuanza upya kwa sababu ya unene, zungusha gurudumu kwa mkono hatua tano za mwanzo. Maliza kwa kupita juu ya mwanzo wako sm 2 na kurudi nyuma hatua tatu. Cherehani isiyo na rivasi: acha ncha ndefu, zipitishe zote upande wa nyuma, zifunge fundo mara mbili, kisha uzipenyeze ndani ya pindo kwa sindano ya mkono.

Safu ya pili ya mshono, sm 1 kutoka ya kwanza kuelekea nje, si urembo. Pindo ndilo linaloshikwa, linavutwa na kutafunwa mtoto akianza kuota meno. Mistari minne ya mshazari kwenye kona, kila mmoja kama sm 3.5, ifunge kwa mkono kwa mshono wa kuficha, hatua nane au kumi, uzi mmoja usio mara mbili.

Mapambo achana nayo. Shanga, vifungo na vipande vya utepe vilivyoshonwa juu hung'oka, na mtoto hupeleka kila kitu mdomoni.

Kabla ya kumpa mtoto

Hesabu pini, ulinganishe na karatasi. Fua blanketi mara moja kutoa chaki na vumbi la nyuzi, kisha lipapase lote kwa kiganja, pande zote mbili. Litatoka na mikunjo midogo kati ya mistari. Inapendeza, na haihitaji pasi.

Blanketi hili ni la kumbebea, kumfunika akiwa mikononi, na kumtandikia chini akianza kugeuka. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kinashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na blanketi lililo huru kitandani, kwa sababu linaweza kumfunika uso. Usiku mvishe nguo za kutosha badala yake.

Kuanika: kamba mbili zilizo karibu, blanketi lipite juu ya zote, hewa ipenye katikati. Limeiva ukibana pindo kwa vidole na kuliona halina ubaridi. Katikati hukauka mapema, pindo ndilo linalochelewa.

Na cherehani usiiache hivyohivyo. Flaneli hutoa vumbi la pamba linalojazana chini ya bamba la sindano mpaka linakuwa kama zulia, na wiki ijayo utashangaa mshono unaruka kwenye kitambaa chepesi. Fungua bamba, toa bobini na nyumba yake, safisha kwa mswaki mkavu wa zamani. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Tia tone moja la mafuta ya cherehani, kisha shona kitambaa kibovu dakika mbili kinyonye yaliyozidi, na ukumbuke kukaza tena ile skrubu uliyoilegeza.